Kijiko Kisichopinda

Juzi, kwenye sherehe ya kuniaga karakanani, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema mimi nilizaliwa fundi wa bunduki. Upuuzi mtupu. Nilizaliwa Kabuchai, katika boma lenye ng'ombe wengi kuliko watu, na mpaka naota ndevu chombo pekee cha chuma nilichokijua vizuri kilikuwa jembe. Watu hawazaliwi mafundi. Wengine hata wakifundishwa hawawi, na kati yenu wapo, lakini leo sitataja majina.

Sikuwa na nia ya kuandika chochote. Nilitaka kupumzika na kuangalia mahindi yangu yakikua. Kilichonikalisha kwenye meza hii ni ujumbe mlionitumia jana kwa dereva wa lori: ati ufunguo wa sanduku la tupa za kusugulia chuma uko wapi, kwa sababu imeingia bunduki mpya ya wenzo, risasi zinakwama, na mnataka kukipunguza kijiko chake kidogo. Kidogo! Mtu akitaka kuharibu kitu, hilo ndilo neno lake la kwanza. Ufunguo ninao. Uko kwenye kamba shingoni mwangu hapa ninapoandika. Lakini kabla sijaamua kuutoa mtasoma haya yote, na mwana wa Fundi, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, awasomee kwa sauti wale wanaosinzia.

Niliingia Kitale miaka ya ishirini, wakati mji ulikuwa matope, maduka machache ya mabati na magari ya kukokotwa na maksai. Karakana ya bunduki ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shamba, na mwenyewe alikuwa Kalasinga mmoja mnene, mwenye ndevu nyeupe na macho mekundu ya kutazama vitu vidogo. Wazungu walimwita majina yao. Sisi tulimwita Fundi, na jina hilo lilimtosha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja, lakini hakuna siku niliyokosa kumwelewa.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa nyundo. Nilipewa kipande cha mti na kisu. Fundi aliweka risasi moja mezani, akaniambia, "Wewe chonga hii. Mrefu sawa, nono sawa. Ikiwa fupi, mimi tupa. Ikiwa refu, mimi tupa." Alitupa nyingi. Sheria haikumruhusu mtu kama mimi kushika risasi za kweli ovyo, wala kumiliki bunduki. Ningeweza kutengeneza silaha za wilaya nzima, mradi nisiwe na hata moja nyumbani ya kufukuzia nguruwe pori. Kwa hiyo nilifanya kazi na risasi za mti, nyingi nimezichonga mwenyewe, na bado zimo kwenye lile kopo la majani ya chai karibu na dirisha. Sijui kama kuna anayezigusa siku hizi.

Baada ya kuchonga, nilipewa bunduki ya wenzo iliyokufa na kuambiwa niizungushe. Kusukuma wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, mbele, kuurudisha, kutazama. Nifanye hivyo mpaka nijue kila chuma kinaondoka lini na kufika lini. Nikimwomba tupa, Fundi alicheka. Tupa zote zilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Desturi ya karakana ile ilikuwa kwamba bunduki mpya haiguswi na tupa mpaka umweleze Fundi, kwa maneno yako mwenyewe, umejaribu nini kingine. "Chuma ukitoa, nani narudisha?" aliuliza. Sijasikia jibu la swali hilo mpaka leo.

Kwa faida ya wale wapya, nieleze. Bunduki hizi zina bomba chini ya mtutu, na risasi hulala humo zimefuatana, kitako cha hii kwenye ncha ya ile. Ukisukuma wenzo, springi ya bomba husukuma risasi moja nyuma mpaka ilale juu ya kile chuma tunachokiita kijiko. Ukiurudisha, kijiko huinuka na kuifikisha risasi kwenye tundu lake. Risasi ya pili hubaki ndani ya bomba, nayo haizuiwi na kitu kingine ila urefu wa ile ya kwanza. Kumbukeni hilo. Mtu akisahau hilo, heri arudi kulima.

Bunduki mpya ikikwama, mara nyingi haina kosa. Nyingi zilikuja zimejazwa mafuta mazito ya kusafiria baharini, na mtu anaichukua hivyo hivyo mpaka Cherangany asubuhi ya baridi, mafuta yanaganda kama uji wa jana, kisha anashangaa. Tuliziosha kwa mafuta ya taa, tukazipaka mafuta mepesi, zikapona. Nyingine zilikuwa na ukali kwenye mdomo wa bomba. Hizo tuliziona kwa kuipitisha risasi ya mti juu ya moshi wa koroboi mpaka iwe nyeusi, kuiingiza polepole, na kutazama masizi yametoka upande gani. Hapo msasa mdogo ulitosha. Na nyingi sana, hasa za wale mabwana waliotoka Ulaya na viatu visivyo na tope, zilikwama kwa sababu mwenyewe aliusukuma wenzo nusu, akiogopa kuuvunja, kama mtu anayesalimiana na mgonjwa. Utamwambiaje bwana mkubwa kwamba bunduki yake haina ila uoga wake? Fundi aliichukua, akaiweka rafuni siku chache, akairudisha na kusema, "Sasa iko lainika. Vuta kwa nguvu." Walirudi wakisifu kazi.

Lakini kesi ninayotaka kuwaeleza haikuwa ya mafuta wala ya uoga. Ilikuja miaka ya thelathini, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani. Ililetwa na mlowezi mmoja wa upande wa Kachibora ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Kelele, na sihitaji kueleza kwa nini. Aliingia karakanani amevaa pochi ya risasi kiunoni kama anakwenda vitani, kumbe amekuja mjini kununua sukari na kuleta bunduki. Bunduki ilikuwa ya wenzo, mpya, nzuri kabisa, ya kupigia paa na labda chui. Yeye aliipeleka kwa nyati.

Nyati aliyekuwa akila mahindi yake hakuanguka kwa risasi ya kwanza. Bwana Kelele akazungusha wenzo, ukakataa kurudi. Akavuta, akatukana, akakimbia. Aliyebaki mbele ya nyati ni mbeba bunduki wake, naye alipigwa pembe kwenye paja. Mbeba bunduki huyo alikuwa Barasa, mume wa dada yangu Nekesa.

"Huyu boi naweka mchanga ndani ya bunduki yangu!" Bwana Kelele alipiga kelele, na vikombe vya chai vikalia mezani. "Wewe Singa angalia. Kama bunduki iko mbaya, sawa, mbaya. Kama bunduki iko mzuri, basi Barasa iko mbaya, na yeye natoka shamba yangu, bibi, watoto, ng'ombe, yote!"

Fundi akamwomba zile risasi alizotumia. Bwana akapiga pochi yake bila kuifungua. "Risasi mpya! Duka ile ile, sanduku ile ile ya watu yote!" Akatoka, akisema atarudi wiki ijayo.

Mlielewe vizuri jambo hilo. Barasa na dada yangu walikaa kwenye shamba lile kama maskwota: yeye alimfanyia bwana kazi, nao waliruhusiwa kulima kipande chao na kulisha ng'ombe wao. Wangefukuzwa wakati ule, mahindi yao yangebaki shambani, na mtu mwenye paja lililopasuka angeswaga ng'ombe barabarani hadi Kabuchai. Na hukumu ilikuwa mikononi mwetu. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuomba bunduki ionekane nzima. Siku ile niliiombea ugonjwa.

Haikuwa na ugonjwa. Niliifungua mwenyewe. Hapakuwa na mchanga hata chembe, wala mafuta mazito. Barasa alikuwa ameisafisha kuliko wengi wenu mnavyosafisha masufuria yenu. Nikapitisha risasi za mti, polepole, haraka, kichwa chini, ubavuni. Zilipita zote. Fundi akaenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, na risasi za kweli kutoka rafuni mwetu. Akarudi akatikisa kichwa. "Mzuri," alisema. "Mzuri sana."

Nikamwambia, "Fundi, sema ni mbaya."

Alinitazama kama nimetema mate sakafuni.

"Sema kijiko kimepinda," nikasema. "Sema springi. Sema chochote. Ni mume wa dada yangu."

"Mimi nasema mzuri kama mzuri, mbaya kama mbaya. Leo nadanganya hii, kesho mtu naamini nini?"

Nilimchukia. Naandika hivi wazi kwa kuwa mnadhani nilimwabudu. Niliona ni rahisi kuwa mkweli wakati ng'ombe si wako, na nilimwambia hivyo. Aliendelea kufuta ile bunduki kwa kitambaa, taratibu, kama hajasikia mtu akisema.

Jumapili nikaazima baiskeli, nikaenda Kachibora. Nilimkuta Barasa amelala kwenye ngozi nje ya nyumba, mguu umefungwa majani na kitambaa, na Nekesa anapura maharagwe kwa hasira, kana kwamba maharagwe ndiyo yaliyotuletea wazungu. Dada yangu hakunisalimu. Alisema tu, "Umekuja kutuambia tufunge mizigo?"

Nikakaa karibu na Barasa. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza, si bwana, si Fundi, si mimi. Nilimuuliza siku ile ilikuwaje, tangu walipotoka nyumbani.

"Shemeji, hiyo bunduki si mbaya," alisema. "Mimi ndiye naibeba kila siku. Ikiwa na lisasi za sanduku inakula vizuri. Ikiwa na zile kali za bwana ndiyo inasongwa. Sasa si nilimwambia? Akasema ati mimi najua nini."

"Zile kali ni zipi?"

Barasa akatazama huku na huku, ingawa hapakuwa na mtu ila Nekesa. "Si anazikata ncha, bana. Kila Jumamosi, hapo kwa veranda yake. Mimi nashika tlei ya kuwekea lisasi, yeye anasugua na tupa. Ati lisasi ikikatwa ncha inafunguka ndani ya mnyama kama ua. Walimfundisha kwa kilabu. Akaniambia ni siri, nisiambie watu."

"Anakata kiasi gani?"

Akanionyesha ukucha wa kidole kidogo. "Kidogo tu."

Mnasikia? Kidogo tu. Nilirudi Kitale nikiendesha baiskeli kama mwizi. Kesho yake Fundi alipofungua mlango nilikuwa nimesimama pale na kisu na risasi za mti. Nilizikata ncha, nikazijaza ndani ya bomba, nikasukuma wenzo. Risasi fupi ikaja kwenye kijiko, na kwa sababu ilikuwa fupi, ile ya pili nayo ikachungulia na kuingiza kitako chake pale pale. Kijiko kikajaribu kuinuka na risasi mbili mlangoni. Kikakwama. Nikajaribu kuurudisha wenzo, haukurudi.

Sijawahi kumwona Fundi amekasirika vile. Hakumkasirikia Bwana Kelele kwa ajili ya Barasa, msimfanye malaika. Alikasirika kwa ajili ya tupa. Mtu mzima, mwenye shamba la kuvuka siku nzima, anakaa kwenye veranda na kuchezea kitu ambacho yeye Fundi alikifungia kwa kufuli! Alitembea karakana nzima akisema Kipunjabi, na maneno yale sikuhitaji kutafsiriwa.

Bwana Kelele aliporudi, Fundi alimwomba pochi kwa adabu, akatoa risasi, na kweli, zote zilikuwa na vichwa bapa kama visiki. Akamweleza kila kitu, akamwonyesha. Zile za sanduku zikapita. Zile za veranda zikakwama. Akarudia. Mimi nilisimama karibu na jiriwa, pale tunapobania vyuma, nikimtazama bwana usoni, nikingoja aone haya, nikidhani Barasa amepona.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipowajua watu. Uso wake ulikuwa mwekundu, ndiyo. Kisha akasema, "Kwa hivyo bunduki iko mzuri?"

"Mzuri," Fundi akasema.

"Basi! Nilisema nini? Bunduki mzuri, Barasa mbaya. Yeye naweka risasi ndani ya bunduki, si mimi. Kwisha."

Alikuwa ameyaona kwa macho yake, na bado. Alikuwa tayari kuivunja nyumba ya mtu mwenye paja lililopasuka kwa ajili yake kuliko kusema maneno mawili, nimekosa mimi. Nimeona mitutu iliyopasuka, nimeona bunduki iliyofungwa kwa waya wa ua, lakini kitu kilichoharibika namna ile sijakiona tena. Nilishika ukingo wa meza ili mikono yangu isifanye jambo la kunipeleka jela.

Fundi aliweka risasi chini. Akanitazama mimi, akaitazama bunduki. Akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa, akaifungua ile bunduki tena. Akainama sana. Akafanya kama mtu aliyeona nyoka kwenye viatu.

"Aaaa," alisema. "Ngoja, bwana. Ngoja kidogo. Hapa. Mimi mzee, macho mbaya, mimi hapana ona. Kijiko iko pinda."

"Pinda?" akauliza Bwana Kelele.

"Pinda. Natoka kiwanda hivi. Kosa ya kiwanda. Mtu ya kubeba hapana weza fanya hii, na bwana hapana weza jua. Acha hapa wiki moja."

Mngeuona uso ule ukifunguka! "Mimi nasema kila siku!" alipiga kelele, akapiga meza. "Kila siku mimi nasema bunduki hii iko mbaya! Mimi najua!"

"Bwana najua sana," Fundi akasema. "Lakini sikia. Kijiko mpya iko ya heshima. Hapana penda risasi ya kukata. Risasi ya sanduku tu."

"Sanduku tu," bwana akakubali, kama mtu aliyepewa cheo. "Na Barasa hapana kosa?"

"Barasa hapana kosa."

Bunduki ilikaa rafuni wiki nzima. Hatukuigusa ila kwa kitambaa. Bwana Kelele aliichukua, akaenda kilabuni, na kwa miezi mingi walituletea bunduki mpya za wenzo wakitaka tuangalie kama vijiko vimepinda, kwa kuwa Bwana Kelele alikuwa amegundua kosa la kiwanda. Tuliziosha mafuta mazito, tukawarudishia. Wengine walisisitiza kwamba wao pia walikuwa wameshuku. Nilicheka peke yangu mpaka nikachoka kucheka.

Fundi hakucheka. Siku ile bwana alipoondoka na gari lake, alirudi kwenye kiti na kukaa bila kuwasha jiko la chai. Nilitaka kumshukuru, akainua mkono ninyamaze. Alikuwa amesema uongo juu ya bunduki, mbele ya mtu aliyemfunza kutosema, na aliona aibu kama aliyeiba. Tangu siku ile hakuwahi kutaja jina la Bwana Kelele. Nilimpenda mzee yule. Sikumwambia, na sasa amezikwa, kwa hiyo nawaambia ninyi, ambao hamkustahili kumjua.

Mahindi yalipovunwa, Barasa alikuja Kitale kwa mguu, akichechemea njia yote, amebeba gunia dogo la mahindi begani. Aliliweka chini mlangoni, akavua kofia. Fundi alitoka akiwa ameshika bisibisi, akalitazama gunia, akatazama ule mguu.

"Rudisha," alisema. "Mimi hapana tengeneza kitu. Ile bunduki, mimi hapana gusa."

"Najua, Fundi," Barasa akasema. "Shemeji aliniambia. Hiyo ya kutogusa ndiyo nimekuja kushukulu."

Fundi akatia bisibisi mfukoni. Halafu akaliinua gunia mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akaliingiza ndani, akaliweka juu ya sanduku la tupa.

Basi, kuhusu ufunguo. Bunduki mpya mnayo, kijiko chake mmekitazama, tupa mnaitaka. Mtu anayeibeba anaitwa nani? Njooni Kabuchai mniambie jina lake na alivyosema. Mkija bila jina hilo, mtakunywa chai na mtarudi.